Tuliwakaribisha Hadi Wakakimbia

Vijana wa protokole, yaani wapokea wageni wa parokia, wameniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yetu kabla kumbukumbu hazijaniishia. Walisema hivyohivyo, mbele yangu, kwa heshima kubwa, na mke wangu akatikisa kichwa kukubaliana nao. Nawashukuru. Mtu aliyesimama mlangoni pa kanisa miaka zaidi ya thelathini, kisha Jumapili moja akapewa diploma yenye fremu na kuku hai wa kutembea naye hadi nyumbani, anaelewa bila kuelezwa kwamba amepumzishwa. Kuku naye alielewa. Tulipofika kwenye kona ya soko alinitoroka, na watu wakanisaidia kumkimbiza huku nimevaa suti na nimebeba diploma kwapani.

Kuhusu vyeo sina mengi. Nilikuwa mshiriki, kisha naibu, kisha mkubwa wa protokole, na tofauti kati ya hivyo vitatu ilikuwa rangi ya skafu. Ile ya mwisho ilikuwa nyekundu yenye nyuzi za dhahabu zilizonichubua shingo kila msimu wa joto. Mshahara haukuwepo, kwa hiyo sura hiyo nayo nimeimaliza.

Nianze na jambo ambalo familia kama yangu hupenda kulisahau. Babu yangu alishuka hapa Lubumbashi kutoka kaskazini mwa Katanga, ameajiriwa na reli, hana anayemjua isipokuwa mtu mmoja wa kijiji chao ambaye naye alikuwa amekwisha hamishwa. Baba yangu akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Mimi nikabatizwa katika parokia hii. Vizazi vitatu vilitutosha kuamini kwamba kanisa lilijengwa kutuzunguka sisi tukiwa tayari tumekaa. Wenyeji waliokuwa wakilima mashamba ya mahindi hapahapa kabla ya reli na kabla ya migodi walitutazama kwa uvumilivu ambao sikuuelewa nilipokuwa kijana. Nadhani walikuwa wanatucheka.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Sylvestre, marehemu sasa, mzee aliyekuwa amestaafu kutoka stesheni ya treni. Siku yangu ya kwanza alinikagua viatu, akanikagua kucha, akanipa skafu ya kijani na kitambaa cha kufutia benchi vumbi. Mnajua vumbi letu jekundu la kiangazi: unalifuta kabla ya misa ya kwanza, na kabla ya misa ya pili mtu mwenye suruali nyeupe anakulaumu. Kisha akanipa onyo.

"Kijana, hapa benchi hayina jina," aliniambia. "Lakini iko na mwenyewe."

Sikumwelewa. Saa hiyohiyo ikaingia familia ya wageni, baba, mama na watoto wawili, nami nikawaweka benchi ya pili upande wa kushoto, mahali pazuri, wanasikia vizuri, wanaona altare. Nilijisifu moyoni. Kabla ya utukufu kwisha akafika Mama Véronique, ambaye wakati huo alikuwa bado mama kijana, lakini benchi ile ilikuwa ya mama yake na ya bibi yake. Alisimama tu katikati ya njia, mkoba mkononi, akaitazama benchi kama mtu anavyotazama nyumba yake ikiungua. Alisimama hadi mwisho wa somo la kwanza. Wale wageni waliinuka wenyewe wakatafuta mahali pengine, na Jumapili iliyofuata wakatafuta kanisa lingine.

Mama Véronique alinifuata baada ya misa. "Hapana kosa yako, kijana," akaniambia kwa upole wa kweli. "Haukuyua."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza ramani ya kanisa. Mungu hana upendeleo, tunafundisha hivyo katika katekisimu, na sisi wa protokole tulikuwepo kumsaidia katika upungufu huo.

Papa Sylvestre alikuwa na namna yake ya kupokea wageni, na nilifikiri ni uvivu. Hakuwauliza jina siku ya kwanza. Hakuwauliza wanatoka wapi. Alikuwa anawapa kazi. Mgeni anaingia, anatazama huku na huku hajui pa kwenda, mzee anamsogelea na rundo la vitabu vya nyimbo: "Mama, unisaidiye kushika hii kidogo, mukono inaniluma." Mkono wake haukuwa na ugonjwa wowote. Mama yule anashika vitabu, watu wanamwendea kuchukua, wanamsalimu, anawasalimu, na misa inapoanza ameshaongea na watu ishirini bila kuongea kitu.

"Muntu ukimupatia kiti, anaikala," mzee alikuwa akisema. "Ukimupatia kazi, anarudia." Wa kiti anakaa tu, wa kazi anarudi Jumapili ijayo.

Tulimzika vizuri sana Papa Sylvestre, kwa nyimbo nne na skafu juu ya jeneza, na pamoja naye tukazika ile namna ya vitabu. Sisi tuliobaki tulitaka maendeleo. Parokia ikapata mikro isiyo na waya, nami nikapata umaarufu.

Wengi wenu mliojiunga karibuni hamkuikuta desturi ninayotaka kuieleza, kwa hiyo nitaieleza polepole, ili mjue kwa nini ilikufa na msije mkaifufua mkidhani mmevumbua kitu. Baada ya komunio, kabla ya baraka ya mwisho, msoma matangazo alikuwa anasema: "Wageni wasimame!" Nami nilikuwa tayari katikati ya njia na mikro, nimenyoosha skafu. Mgeni anasimama. Ninamwekea mikro mdomoni. Anasema jina, anapotoka, na shirika atakalojiunga nalo, yaani kile kikundi cha familia jirani kinachosali pamoja kila wiki. Akimaliza, kanisa zima linampigia makofi ya ban, yale ya mpigo mmoja, mara tatu, na mwishoni watoto wanaongeza la nne. Kisha naandika jina lake katika daftari la wageni. Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Sikumbuki mtu aliyewahi kulifungua kusoma yaliyoandikwa, isipokuwa panya, ambao walilipitia lile la kwanza lote.

Niliipenda kazi hiyo. Lazima niseme ukweli, nimezeeka na uongo unachosha. Nilikuwa na sauti nzuri ya kuuliza na jicho jepesi la kuona nani amejificha. Mfanyabiashara mmoja wa Mokambo, mtu mpole anayevuka mpaka kila wiki na bidhaa zake, alisema jina lake kwa sauti ndogo. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikaligeukia kanisa na kuuliza, "Mumesikia?" Kanisa likajibu, "Apana!" Akarudia mara ya tatu, jasho linamtoka, tukampigia ban mbili badala ya moja. Hatukumwona tena. Tulisema biashara imembana.

Siku nyingine nilimwona mzee mmoja karibu na mlango, sura ngeni kabisa, nikamwendea kwa furaha. "Papa, karibu sana ku parokia yetu! Unatoka wapi?"

Akanitazama, akaitazama mikro. "Natoka kule nyuma," akasema. "Miaka kumi na moya."

Watu walicheka hadi padri akacheka. Mimi pia nilicheka. Kama ningekuwa na akili ningelia, lakini akili ilikuwa imekabidhiwa skafu.

Baadaye tukaona tatizo. Watu fulani walikuwa wanapokea komunio na kutoka nje moja kwa moja, kabla ya matangazo. Kamati ikakaa. Tulisema imani imepungua mjini, tulisema simu zimeharibu watu, tulisema makanisa ya uamsho yanawavuta. Hakuna aliyesema mikro. Dawa tuliyoipata ni kuweka protokole wawili mlangoni kuanzia komunio hadi baraka, wenye miili mikubwa, watabasamu na kuziba njia. Nadhani sisi ndio parokia pekee iliyowahi kuwakaribisha watu kwa kuwazuia kutoka.

Sasa nifike kwa Nkambo. Kwetu nkambo ni bibi, mtu mzima kabisa, na ndiyo heshima tuliyompa kwa sababu hatukuwa na jina. Alikuja siku moja na binti yake, mwanamke wa makamo mwenye uso uliofungwa. Walikuwa wametoka Kilwa, kwenye ziwa la Mweru. Msoma matangazo akaita wageni. Yule binti hakusimama, lakini bibi, ambaye hakujua Kiswahili chetu vizuri, aliona watu wanamtazama, akaelewa kwamba anaitwa. Alisimama. Nilimfikishia mikro.

Sasa, kule kwao mtu mzima akifika kwa watu hasemi jina lake kwanza kama mtu aliyekamatwa na polisi. Anasalimu. Anakunja goti, anapiga makofi laini kwa viganja vilivyoinama, polepole, na wenyeji wanamjibu kwa namna ileile. Nkambo akaanza kushuka taratibu, mkono mmoja umeshika benchi, apige goti mbele yetu sote na kulisalimu kanisa. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilisema ndani ya mikro, kwa ile sauti yangu nzuri:

"Nkambo, hapa hatupigake magoti kwa protokole!"

Kanisa liliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha upendo, nilijiambia, na labda kwa wengi kilikuwa hivyo. Bibi alibaki nusu chini, nusu juu, viganja vimeinuliwa, akisubiri jibu la salamu. Tukampa ban. Binti yake akamshika kwapa akamkalisha. Utani wangu ulirudiwa kwangu getini na watu zaidi ya kumi, na mwaka huo haukupata mwenzake.

Waliendelea kuja. Hilo nililiona, kwa maana kazi yangu ilikuwa kuona. Lakini walihamia nyuma ya ile nguzo nene ya upande wa kulia, mahali ambapo altare haionekani, wakaingia kwa mlango mdogo wa pembeni na kutoka kwa mlango huohuo. Kila Jumapili nilipita na kikapu cha vitabu nikawainamishia kichwa. Shali ya kijivu, viatu vya kahawia, kabla ya kengele ya pili. Miaka sita. Kama mngeniuliza, ningewaambia kwamba wale ni waamini wetu waliotulia, wasio na matatizo. Protokole hupenda sana mtu asiye na matatizo. Humsahau mapema.

Miaka mitatu kabla sijapumzishwa, Jumanne moja asubuhi, nilikuwa ofisini pa parokia nikishona pindo la skafu lililofumuka. Akaingia yule binti, amejifunga kitenge cha msiba. Mama yake alikuwa amefariki jana yake, Jumatatu, ile tunayoiita mjini kwetu kazi moya. Aliomba misa ya mazishi kwa Alhamisi.

Padri wetu, kijana, mwenye akili na mwenye haraka, akatoa karatasi. "Shirika gani, Mama?"

Akataja barabara yao. Padri akatuma aitwe mkubwa wa shirika la barabara hiyo, naye si mwingine ila Mama Véronique, nywele sasa nyeupe, anaishi nyuma ya uzio wa parokia. Akafika na daftari lake la mahudhurio. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Mon père, habako mu cahier," akamwambia padri, akigonga daftari. "Hatubayue."

"Tulikuyaka ku shirika mara moya," binti akasema. "Mukasema mama asimame ajieleze. Hakurudia."

"Na ku misa?" Mama Véronique akauliza.

"Siye tunasalaka hapa yenga yote, Mama," yaani kila Jumapili. "Miaka sita."

"Fasi gani? Miye naikalaka pale mbele, sijakuona hata siku moya."

"Naikalaka nyuma yako," yule binti akasema. "Vitambaa vyako vya kichwa vyote nabiyua."

Padri akakohoa. Lazima nieleze kanuni, kwa sababu mimi ni mmoja wa walioitunga. Watu walikuwa wanakumbuka kanisa siku ya kufa tu, kwa hiyo kamati iliamua: marehemu haingizwi kanisani bila waamini watatu walioandika kwamba wanamfahamu. Asiyejulikana, katekista atamsomea sala makaburini, basi. Tulipopiga kura niliinua mkono, na kama ningeruhusiwa ningeinua na wa pili.

Padri akanigeukia. "Papa Anaclet, weye uko ku mulango miaka yote. Unamuyua mufu?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nilikuwa na shali, nilikuwa na viatu, nilikuwa na kengele ya pili.

"Jina yake nani?" akauliza, kalamu iko juu ya karatasi.

Jina sikuwa nalo. Binti akajibu badala yangu, lakini hakutaja jina.

"Papa, njo weye ulimuwekeaka mikro," akasema, yaani mimi ndiye. "Ule wa magoti."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeusahau utani ule, wao walikuwa wameutunza miaka sita.

"Juu ya ile njo tulienda nyuma ya nguzo," akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Mama alisema, pale ule papa hatatuona tena. Na kweli, haukutuona." Kisha akamwambia padri, "Alikuwa anaomba kitu moya tu. Alisema, nikikufwa, munipitishe mulango ya kati."

Padri ni mtu mwema, lakini kanuni ilikuwa kanuni, na walioitunga walikuwa wamesimama pale mmoja ameshika daftari na mwingine sindano. Alisema anasubiri majina matatu hadi jioni. Binti akashukuru, akaenda kwake kukaa na maiti ya mama yake. Nikaiweka chini skafu nikamfuata kwa mbali.

Nilitarajia kukuta kilio cha mtu mmoja au wawili. Wageni wa Kilwa, hawako katika daftari, nani atawajia? Chini ya turubai nilikuta watu kumi na wawili, wamekaa juu ya mikeka kama watu waliozoea kukaa pamoja. Na nilizijua sura zote. Mama anayekaa daima karibu na kisima cha ubatizo, anayeficha mikono yake ndani ya kitenge. Mzee mwenye mkongojo wa ngazi ya mwisho. Wale wa mlangoni, wale wa nyuma ya kwaya, wale wanaotoka kabla ya matangazo. Sura zote, na jina hata moja.

Yule mama wa kisima cha ubatizo aliitwa Odette. Anauza makaa, kwa Kiswahili chetu makala, na mikono aliificha kwa sababu weusi wa makaa hautoki wote, hata ukioga kwa mchanga. Mwenye mkongojo aliitwa Papa Gaston. Ndio walionieleza, mmoja akianza na mwingine akimalizia, kwamba marehemu aliitwa Nkambo Mwewa. Kwamba alikausha samaki ufukweni maisha yake yote. Kwamba alizika watoto wanne na kubaki na huyu, Eulalie. Kwamba rozari yake ilikuwa kamba yenye mafundo, na alikataa kupewa nyingine.

"Yenga yake ya kwanza nyuma ya ile nguzo, alinisalimia," Odette akasema. "Alipiga goti, miye muuza makala! Nikamwambia, Nkambo, simama. Akakatala. Akangoya mupaka nimuyibu."

"Na miye goti hayikunyike," Papa Gaston akasema. "Nilimuyibu na mukongojo. Akasema inaenea, inatosha."

Kumbe kila Jumapili, mimi nikiwa katikati ya njia na mikro yangu, kule nyuma watu hawa walikuwa wanasalimiana kwa viganja, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, kama Nkambo alivyowafundisha. Akiugua mtu, walikwenda kumtazama. Akikosekana mtu, Nkambo alimtuma Eulalie kuuliza. Kulikuwa na parokia nzima nyuma ya nguzo, na iliendeshwa vizuri, na haikuwa na protokole.

Niliwaeleza nilichokuja kutafuta: watu watatu waandike kwamba wanamfahamu. Wakatazamana.

"Papa," Gaston akasema, "siye benyewe hatuko mu cahier ya muntu."

Wakacheka, hata Eulalie kidogo. Ilikuwa kweli. Mashahidi wangu walihitaji mashahidi.

"Na tena," akaongeza, "ukitoa ile mikro yako, minakimbia. Na mukongojo yangu, lakini minakimbia."

Nikaapa mbele ya marehemu kwamba hakutakuwa na mikro. Odette na Gaston wakakubali kuja, wakitembea nyuma yangu kama watu wanaopelekwa mahakamani. Nimewahi kuwapeleka maaskofu hadi viti vyao, na sikupata kuogopa namna ile kwamba mtu atageuka njiani.

Ofisini Mama Véronique alikuwa bado yupo. Aliwatazama. "Na hawa, nani anabayua?"

Kisha akamtazama Odette vizuri zaidi. "Weye si njo unaniuzishaka makala?"

"Njo miye, Mama. Miaka munane."

"Unasalaka hapa?"

"Ndiyo, Mama. Nyuma."

Mama Véronique alifunga daftari. "Mon père," akasema, "minamuyua huyu wa makala. Ananidanganyaka kipimo, lakini minamuyua. Kama anasema anamuyua mufu, basi anamuyua. Aandike."

"Sidanganyake kipimo, Mama," Odette akasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia mtu wa nyuma akimjibu mtu wa mbele ndani ya parokia hii. Aliandika jina lake polepole, akiinua kitenge ili vidole visiguse karatasi. Kisha akauacha mkono nje. Gaston akaweka kidole gumba.

"Inabaki moya," padri akasema, na akanisukumia karatasi mimi.

Hapa nawaomba, vijana, mwache kucheka kidogo. Karatasi ile tuliichapa sisi wenyewe, na ina mstari unaosema: Unamfahamu marehemu tangu lini? Niliuweka mimi mstari huo, ili kuwanasa waongo. Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeandika miaka sita, na hakuna mtu chini ya mbingu ambaye angenipinga. Nilikuwa nimewakaribisha watu Jumapili baada ya Jumapili, nimejaza madaftari manne, nimepewa skafu tatu. Niliwaza kwamba marehemu hivi sasa yuko mbele ya Yule anayewajua walio wake bila daftari, na kwamba mimi nami nitafika huko, na sitaulizwa rangi ya shali.

Nikaandika: Tangu leo Jumanne, asubuhi.

Padri akasoma. Akasoma tena. "Papa Anaclet, hii njo jibu?"

"Njo jibu, mon père. Kama hayifai, ukatale, nitatafuta mwingine."

Padri akafungua droo, akatoa mhuri, akaupuliza, akaugonga. "Kazi ine, asubuhi," akasema, yaani Alhamisi. "Bamupitishe mulango ya kati. Na weye, Papa, utafungua mabawa yote mbili."

Niliipeleka karatasi mwenyewe. Odette na Gaston walikuwa wametangulia na walikuwa wamekwisha kukaa mahali pao mkekani. Eulalie aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mstari kwa mstari kama mtu anayeogopa kwamba kuna kosa litakalorudisha kila kitu nyuma. Alipofika kwenye mstari wangu kidole chake kilisimama.

"Leo," akasema.

"Leo," nikakubali.

"Alikufwa yana, Papa." Hakuinua macho. "Ulimukosa siku moya tu."

Nilisimama pale pembeni ya turubai, mikono mitupu, sijui niende upande gani. Eulalie akaikunja karatasi, akaiweka kifuani, kisha akajisogeza kidogo upande wa Odette, naye Odette akajisogeza upande wa Gaston, hadi pakapatikana nafasi ya mtu mmoja mkekani.

"Ikala," akaniambia.